Njia Mbovu ya Nani? Pikipiki, Likizo na Vitabu vya Safari

Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki moja. Walikuwa wanakwenda Cape Town. Wakubwa wa enzi zile wakitaka kwenda huko walipanda meli, wakakaa sitahani wakinywa chai, wakashukia bandarini. Hawa wawili walivushwa bahari mpaka Algeria tu, wakashusha pikipiki yao, wakakata Sahara, wakapita Nigeria, wakaingia misitu ya Kongo, wakatokea Uganda, Kenya na Tanganyika, wakaendelea kusini mpaka bara likaisha. Walifika Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Miezi saba na nusu, na sehemu kubwa ya hiyo njia usingethubutu kuiita barabara.

Nimeona tukizungumze kisa hiki hapa kwa sababu ni cha wapenda vitabu kama kilivyo cha wapenda pikipiki. Leo ukiingia duka kubwa la vitabu kule Ulaya utakuta rafu ya watu waliopanda pikipiki wakaenda kutafuta vumbi, na wengi wao wamekuja kulitafuta kwetu. Kila nikisoma kimojawapo swali lilelile linanirudia. Ilikuwaje njia mbovu, ambayo kwa watu wetu ni kero inayopigiwa kelele kila msimu wa uchaguzi, ikageuka kuwa mahali pa kwenda kula likizo? Na wale wanaoishi kandokando ya njia hiyo, wako wapi ndani ya vitabu hivyo?

Mafundi wawili na chuma chao

Wallach alizaliwa mwaka 1909. Alikulia London, mtaa wenye viwanda, na akiwa binti mdogo alikuwa akizungukazunguka kwa mafundi akijifunza injini zinavyofunguliwa na kufungwa. Mwaka 1928 alipata ufadhili wa kusomea uhandisi, jambo ambalo kwa msichana wa wakati ule lilikuwa geni kabisa. Blenkiron naye alikuwa mwendeshaji wa mashindano. Mwaka huohuo wa 1934, miezi kadhaa kabla ya safari, alikuwa mwanamke wa kwanza kuzunguka uwanja wa mbio wa Brooklands kwa pikipiki akivuka mwendo wa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 na ushee. Kwa hiyo tukiondoa picha ya mabibi wawili waliochoka kukaa nyumbani, tunabaki na watu wawili waliojua spana inashikwaje.

Chuma chao kilikuwa Panther ya sentimita za ujazo 600, pistoni moja, kutoka kiwanda cha Phelon & Moore huko Yorkshire. Ili upate picha, bodaboda nyingi za mtaani kwetu zina 100 mpaka 150. Ubavuni walifunga kigari cha abiria, na nyuma wakafunga tela. Mmoja anaendesha, mwenzake yuko kwenye kigari, tela linafuata na mizigo. Ukisikia hivyo unaweza kudhani kigari cha ubavuni ni nafuu kwa sababu pikipiki haianguki. Kwenye lami, sawa. Kwenye njia ya mchanga ni mateso, na sababu yake ni rahisi.

Gari likipita mara nyingi kwenye mchanga au tope linaacha mifereji miwili. Gari jingine likija linaingiza magurudumu yake humohumo na kufuata. Pikipiki ya kawaida nayo inachagua mfereji mmoja na kwenda nao. Lakini pikipiki yenye kigari ubavuni ina upana ambao si wa gari wala si wa pikipiki. Ukiweka magurudumu ya pikipiki kwenye mfereji, gurudumu la kigari linapanda juu ya tuta la katikati. Ukishusha la kigari, pikipiki inapanda tuta. Chombo kizima kinakwenda kimepinda, usukani unavuta upande mmoja, na mikono inakufa ganzi. Halafu nyuma yako kuna tela, nalo lina mambo yake.

Walivuka Sahara bila dira. Hili ndilo jambo linalotajwa kila mahali habari zao zinapoandikwa, na kweli linatisha. Njia ya jangwani siku zile ilikuwa alama za matairi ya waliotangulia, na upepo ukivuma usiku, asubuhi huoni alama. Ulikwenda kwa kuhesabu visima, na kisima kikiwa kikavu ulijua mwenyewe utafanya nini. Walipokaribia Agadez, katika nchi tunayoiita leo Niger, injini iliwafia. Wakaifungua na kuijenga upya wao wenyewe. Kwa yeyote aliyewahi kumwona fundi wa pikipiki akifungua injini juu ya gunia, huku vumbi linapeperuka na kila nati imewekwa kwenye kisoda chake, hakuna haja ya kueleza zaidi ushujaa uko wapi.

Baada ya jangwa lilikuja tope. Mito mingi ya Afrika ya Kati miaka ile ilivukwa kwa vivuko vya mitumbwi kadhaa iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao juu. Unasukuma chombo chako taratibu juu ya mbao, wapiga kasia wanaanza kuimba na kuvuta, na unaomba Mungu kamba zisikatike. Kila mto wa aina hiyo ulikuwa na watu wake, na kila mtu wa kivuko alijua kina cha maji ya mto wake kuliko ramani yoyote iliyochapwa London au Paris.

Jembe na karai

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Msafiri akiandika kwamba njia ilikuwa mbaya, anakuwa amesema kwanza kwamba njia ilikuwepo. Nani aliitengeneza? Katika nchi nyingi walizopita Wallach na Blenkiron, barabara za miaka ya 1930 zilichongwa kwa jembe na karai, na mikono iliyoshika jembe mara nyingi haikuwa imeulizwa kama inataka. Kwenye makoloni ya Ufaransa ya Afrika ya Kati serikali ilikuwa ikikusanya watu kwa nguvu. Reli ya kutoka Pointe-Noire hadi Brazzaville, iliyoanza kujengwa mwaka 1921, ilikamilika mwaka 1934, mwaka uleule wanawake hawa walioondoka London, na ilikuwa imekula maelfu ya watu kwa maradhi, njaa na ajali. Huko Kongo ya Wabelgiji machifu walibanwa kuhakikisha vipande vya barabara vinavyopita kwao vinapaliliwa. Tanganyika nako, mtu aliyeshindwa kulipa kodi angeweza kujikuta analipa kwa jasho, akifukia mashimo barabarani.

Kabla ya barabara za magari kulikuwa na njia za miguu. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji ilikanyagwa na nyayo za wapagazi, Wanyamwezi wakiwa maarufu kuliko wote, miaka mingi kabla ya tairi la kwanza kufika pwani. Waliipanga kwa akili: maji yako wapi, chakula kinauzwa wapi, mtemi yupi anatoza hongo kiasi gani, mlima upi unazungukwa na upi unapandwa. Wageni wanapofurahi leo kwamba wamegundua njia ya porini, mara nyingi wanapita juu ya hesabu za watu waliokwishafanya kazi ya kufikiri.

Na msidhani watu hao hawakuandika. Mwaka 1901, huko Göttingen, Mjerumani Carl Velten alichapisha mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli. Ndani yake kuna habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari anaeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Selemani bin Mwenye Chande anaeleza habari za bara. Na Salim bin Abakari, ambaye kwangu mimi ndiye nyota wa kitabu kile, anaeleza safari aliyoifanya mwaka 1896 akifuatana na mwajiri wake Mjerumani kwenda Urusi na Siberia. Fikiria: Mswahili anatoka nchi ya minazi anakwenda kwenye theluji ya Siberia, anaangalia watu wa huko kwa macho yaleyale ya udadisi ambayo Wazungu walizoea kutuangalia sisi, na anaiandika kwa Kiswahili. Miaka karibu arobaini kabla ya Panther kuvuka Sahara, fasihi yetu ilikuwa na mtu wa kumlinganisha na wasafiri hao. Wangapi kati yetu tumemsoma?

Likizo ilivyozaliwa

Wallach na Blenkiron walikuwa wachache sana wa aina yao. Ilichukua muda mpaka njia mbovu iwe starehe ya watu wengi, na kwa hilo vilihitajika vitu viwili: muda na chombo.

Muda ulikuja kwa sheria. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa, baada ya migomo mikubwa, walipata haki ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Uingereza ilipitisha sheria yake ya likizo ya malipo mwaka 1938. Kabla ya hapo, mtu wa kiwandani akikosa kazini alikosa na mshahara. Baada ya hapo, kwa mara ya kwanza, mtu wa kawaida alikuwa na siku ambazo ni zake na mkate haukatiki. Baiskeli, hema na pikipiki vikaanza kutoka mjini.

Chombo kilikuja baadaye. Mwaka 1968 kampuni ya Yamaha ilileta sokoni pikipiki iitwayo DT-1, ya sentimita za ujazo 250, nyepesi, iliyonyanyuka juu, yenye matairi ya meno, na ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua na kuitumia kwenda kazini Jumatatu na porini Jumamosi. Marekani iliipokea kwa vifijo. Mwaka 1971 ikaja filamu ya Bruce Brown, On Any Sunday, ambayo mwigizaji Steve McQueen naye yumo, na vijana wakaona wenzao wanaruka vilima vya mchanga huku wanacheka. Ghafla majangwa ya California yakajaa. Yalijaa mno kiasi kwamba Februari 1972 Rais Nixon alitoa amri ya kusimamia vyombo vinavyoacha barabara kwenye ardhi ya umma, kwa sababu matairi yalikuwa yanachana udongo na kufukuza wanyama. Msiudharau udongo wa jangwani. Ngozi yake ya juu ikivunjwa inachukua miaka mingi kupona.

Ufaransa nayo ikaja na jambo lake. Mwaka 1977 Thierry Sabine alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya akiwa kwenye mashindano ya Abidjan hadi Nice. Alipookolewa, badala ya kuapa kutorudi tena, akaanzisha mashindano mengine. Tarehe 26 Desemba 1978 msafara wa kwanza wa Paris–Dakar uliondoka, na upande wa pikipiki alishinda Cyril Neveu akiwa juu ya Yamaha XT500. Mashindano yale yaliuza ndoto ya Afrika kama uwanja mkubwa wa mchanga. Lakini uwanja ule ulikuwa na vijiji. Mwaka baada ya mwaka watu waliokuwa wamesimama pembeni kuangalia, watoto wakiwamo, waligongwa na kufa. Sabine mwenyewe alikufa kwa ajali ya helikopta nchini Mali mwaka 1986. Mwaka 2008 mashindano yalifutwa kwa hofu ya usalama nchini Mauritania, mwaka uliofuata yakahamia Amerika ya Kusini, na tangu 2020 yanafanyika Saudi Arabia. Jina limebaki Dakar, Dakar yenyewe hawaioni.

Kwenye vitabu, mtu aliyeweka msingi wa aina hii ya uandishi kwa wasomaji wa leo ni Ted Simon. Aliondoka Uingereza Oktoba 1973 na Triumph ya 500, akazunguka dunia kwa miaka minne, na mwaka 1979 akatoa Jupiter's Travels. Alishuka Afrika upande wetu: Misri, Sudan, Ethiopia, Kenya, Tanzania, Zambia, mpaka kusini. Ninachompendea Simon ni kwamba anakubali kukaa. Chombo kikiharibika anauona uharibifu huo kuwa mlango: unamlazimisha kumtegemea mtu asiyemjua, na hapo ndipo hadithi inapoanza. Wengi waliomfuata, hasa hawa wa siku hizi wanaosindikizwa na magari ya kamera na fundi wao wa kukodi, wamebaki na vumbi wakaacha mlango.

Kutoka Moyale kwenda "Kenya"

Sasa tuje nyumbani kabisa.

Katika masimulizi ya wasafiri wa pikipiki wanaovuka Afrika, kipande kimoja cha Kenya kilikuwa na sifa kama ya zimwi: kutoka Moyale, mpakani na Ethiopia, kupitia Marsabit, hadi Isiolo. Kilomita kama 500. Mawe makali yaliyopasua matairi, na sehemu zenye mikunjo kama ya bati, ambapo ukienda taratibu meno yanagongana na ukienda haraka unaelea usijue usukani unasikiliza nani. Kulikuwa na majambazi, hivyo magari yalikwenda kwa misafara yenye askari. Wasafiri waliandika kuhusu njia hii kwa fahari. Kuipita ilikuwa ni cheti.

Watu wa Marsabit na Moyale walikuwa wanapita njia hiyohiyo juu ya malori ya ng'ombe, wameshikilia vyuma, mama na mtoto mgongoni, mgonjwa kalazwa juu ya magunia. Na walikuwa na msemo wao, unaojulikana sana kaskazini: mtu akielekea Nairobi alisema anakwenda Kenya. Yuko ndani ya Kenya, ana kitambulisho cha Kenya, lakini anakwenda Kenya. Msemo huo mmoja unaeleza ubaya wa ile njia kuliko sura nzima ya kitabu cha matukio. Mgeni aliona mawe. Mwenyeji aliona serikali iliyompa kisogo tangu ukoloni.

Lami ilipokamilika kati ya miaka ya 2016 na 2017, baadhi ya wapanda pikipiki walisikitika wazi kwamba uzuri wa safari umekufa. Nawaelewa, kweli. Mtu aliyeota kwa miaka kupita mahali pagumu, akafika akakuta pamelainishwa, ana haki ya kuhuzunika kidogo. Lakini uzuri huo ulikuwa unalipiwa na nani? Mama aliyejifungulia njiani juu ya lori hakuwa na la kusikitikia. Leo mtu analala Moyale, kesho yake yuko Nairobi, na mbuzi wake wanafika sokoni bado wamesimama.

Sisemi mgeni asije. Nasema tofauti kati ya safari na adha ni moja tu: uwezo wa kuchagua. Neno letu lenyewe la likizo linatuonyesha. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, kwenda likizo au kwenda livu maana yake ilikuwa kurudi kijijini kusalimia wazee. Desemba ikifika Dar inapungua watu, na utani wa kwamba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa unaanza upya. Njia mbovu ya mwisho, ile ya kutoka lami hadi mlangoni kwa bibi, ilikuwa gharama ya likizo, siyo likizo yenyewe. Unaipita na sukari, sabuni na kanga za zawadi, unaomba mvua isinyeshe.

DT ya bwana shamba

Kuna kitu kimoja katika historia hii ambacho sijaona kikipewa nafasi, nacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Pikipiki zilezile zilizotengenezwa kwa ajili ya starehe ya Jumamosi zilifika kwetu zikapewa kazi nyingine. Ndugu wadogo wa ile Yamaha ya 1968, DT 125 na wenzake, pamoja na zile Honda za 110, zikawa chombo cha bwana shamba, bwana mifugo, bwana afya, padre wa parokia yenye vigango vya mlimani, na mwalimu mkuu mwenye bahati. Kwa vijiji vingi, mlio wa kwanza wa injini uliozoeleka ulikuwa wa mtu aliyekuja kuchanja ng'ombe au watoto. Na jina tulilokipa chombo hicho halikutoka kwenye kitabu cha kiwanda. Tulisikia kinavyolia, tukakiita pikipiki.

Halafu ikaja bodaboda. Asili yake inaelezwa kuwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo sehemu ya kati ya vituo viwili vya mpaka, waendeshaji wakinadi kwa Kiingereza cha mdomoni, "boda, boda". Pikipiki za bei nafuu za India na China ziliposhuka kwa wingi miaka ya 2000, na Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, baiskeli zikasogea pembeni. Leo kijana wa miaka ishirini na mbili huko milimani Usambara, au Kisii, au Kivu, anapita kila siku mahali ambapo mtalii angepigia picha ishirini. Anapita na abiria wawili na gunia la viazi.

Angalia ujuzi wake. Kwenye mchanga anapunguza upepo wa tairi ili likae pana. Kwenye utelezi anashusha miguu yote miwili kama makasia na kushika mwendo uleule, habani breki ya mbele. Anajua kona ipi ina jiwe lililofichwa na maji baada ya mvua. Cheni ikikatika anaiunga. Abiria akiwa mjamzito anajua ni wapi pa kusimama ili ashuke atembee hatua chache. Huu ni utaalamu uleule wanaolipia watu fedha nyingi kuufundishwa kwenye shule za pikipiki za porini huko Ulaya. Huyu aliupata bure, kama unaweza kuita bure kitu ambacho wenzake wamekilipia kwa mifupa. Wodi za mifupa za hospitali zetu zinajua.

Lakini kitabu chake hakipo. Kwenye vitabu vya wageni yeye ni mwenyeji mwenye tabasamu aliyesaidia kusukuma. Kwenye magazeti yetu yeye ni ajali, uhalifu au kura. Ukitafuta simulizi ndefu ya Kiswahili, iliyoandikwa kwa utulivu, ya mtu aliyeendesha pikipiki miaka kumi katika njia za wilaya yake, utatafuta sana.

Muswada wa Theresa

Nirudi kwa Wallach, kwa sababu mwisho wa kisa chake una somo kwa watu wa vitabu.

Baada ya safari hakutulia. Mwaka 1939 naye alipata nyota yake ya dhahabu pale Brooklands kwa kuvuka maili 100 kwa saa. Wakati wa vita alikuwa jeshini, fundi na mpeleka barua wa pikipiki. Baadaye alihamia Marekani, akafungua duka la pikipiki Chicago, kisha shule ya kufundisha kuendesha huko Phoenix. Alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 90. Aliandika habari za ile safari ya Panther, lakini hakukiona kitabu chenyewe. The Rugged Road kilichapishwa mwaka 2001, miaka miwili baada ya kifo chake, na miaka sitini na sita baada ya kufika Cape Town.

Katika miaka hiyo sitini na sita wanaume wengi walitoa vitabu vya safari zao za pikipiki, baadhi zikiwa nyepesi kuliko yake, na wakapigiwa makofi kama watangulizi. Wanawake wawili waliotangulia kweli walikuwa karibu kufutika. Kilichowaokoa ni kwamba mmoja wao alikaa akaandika, na kwamba karatasi hazikutupwa. Yule mtu wa kivuko aliyewavusha mto, yule aliyechonga barabara kwa jembe, na fundi wa sokoni aliyewapa kipande cha waya, nao walikuwepo mwaka 1935. Hawakuwa na wa kuwaandikia, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, nina ombi. Wale mabwana shamba wa miaka ya 70 na 80 bado wapo baadhi. Wamestaafu, wamekaa vibarazani, na wanazikumbuka njia zote: mto upi ulijaa Aprili, mlima upi ulipandwa kwa gia ya kwanza, kijiji kipi kilimlaza bila kumjua. Kama mmoja wao ni babu yako, baba yako au jirani yako, nenda na daftari, au washa simu irekodi. Muulize alipewa pikipiki gani, mwaka gani, na ilimfia wapi mara ya kwanza. Usimkatize. Na wewe unayeendesha leo, unayesoma hapa huku unasubiri abiria kijiweni, anza hata na ukurasa mmoja: njia yako kutoka kijiweni hadi mwisho wa kijiji, wakati wa masika. Sisi tutausoma.